Jibu langu lilisema ASC-US: rivyu ya kliniki mbili kwa kipimo kimoja

Naandika hii kwa sababu usiku ule nilioletewa majibu nilitafuta mtu aliyeandika kwa lugha yangu kuhusu hizi herufi ASC-US sikumpata, kila nilichofungua ama kinatisha ama kimeandikwa kwa ajili ya madaktari wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo hii ni rivyu ya huduma niliyopata sehemu mbili kwa kipimo kilekile cha mlango wa kizazi, kile watu wanaita pap smia. Majina ya kliniki siweki. Kinachonihusu ni jinsi jibu linavyofikishwa kwa mtu, maana kipimo chenyewe ni dakika chache tu lakini jibu unaishi nalo miezi.

Kliniki ya kwanza: kuchukua sampuli nawapa nyota nne, kutoa majibu nyota moja.

Nianze na haki yao. Walinipigia kabla wakaniambia siku mbili kabla ya kipimo nisijisafishe kwa ndani, nisiweke dawa yoyote ukeni, nisikutane na mume, na kama nitakuwa kwenye siku zangu nisogeze tarehe. Siku yenyewe nesi alipitisha ule mdomo wa bata, kile kifaa cha kupanulia uke, kwenye maji ya uvuguvugu kwanza ndo akauweka, akawa ananiambia kila anachofanya kabla hajakifanya, brashi ikazungushwa mle ndani nikahisi kama kitu kinavuta kidogo chini ya kitovu, basi, imeisha. Brashi ikachovywa kwenye kichupa chenye maji maalumu, jina langu likaandikwa nikiwa naangalia. Hapo sina neno.

Wiki ya tatu, saa tatu usiku, watoto wameshalala, meseji inaingia: majibu yako yameonyesha seli zisizo za kawaida, ASC-US, wasiliana na kliniki. Hivyo tu! Nikapiga, haipokelewi, na nani atapokea saa hizo. Nikakaa kitandani na simu mkononi nikiisoma ile meseji labda mara thelathini, neno "zisizo za kawaida" likawa linageuka kichwani kila nikilisoma, mwishoni nikawa nasoma kansa wakati neno kansa halipo kabisa pale. Kesho yake mtu wa mapokezi akanisomea kilekile kilichopo kwenye meseji, nikamuuliza ni saratani au sio saratani, akasema dada mimi sio daktari, daktari atakupigia. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, siku ya tano ndo nikapigiwa, na aliyepiga akasema "sio kitu kikubwa, rudi baada ya mwaka urudie", nikataka kuuliza swali akasema yuko na mgonjwa. Hakuniuliza hata swali moja. Umri wangu hakuuliza, kama niliwahi kupima zamani hakuuliza, kama kinga yangu iko vizuri hakuuliza. Sasa ndugu zangu, mtu anakuletea habari ya kukutisha usiku alafu anakutuliza kwa sentensi moja siku ya tano bila kukujua, utatulia vipi? Mimi sikutulia. Nilienda nikaomba karatasi kamili ya maabara, hii ni haki ya mgonjwa wala usiombe kwa kunyenyekea, nikabeba kwenda sehemu nyingine.

Kliniki ya pili: nyota nne, na ile moja iliyobaki nitaisema.

Daktari alikuwa mwanamama, akapokea karatasi, hakuisoma kwanza, akaiweka kifudifudi mezani akaanza kuniuliza mimi. Mara ya mwisho kuona siku zangu lini, nina kitanzi au sina, siku zile kabla ya kipimo nilikuwa na muwasho au uchafu wenye harufu, nimeshapima VVU na majibu yalikuwaje, pap smia za nyuma zilisemaje, nimewahi kutibiwa mlango wa kizazi, natoka damu baada ya tendo. Nikajibu yote. Ndo akageuza karatasi akasoma, akasema sawa, sasa nitakwambia hii maabara imesema nini na haijasema nini.

Akachukua kalamu akachora nyuma ya karatasi yangu. Akachora yai la kukaanga. Akaniambia ona, hii ni seli yako ya kawaida, ule weupe mpana ndo mwili wa seli, na hiki kidoti katikati ndo kiini. Na hapo lugha yetu ilimsaidia sana maana kiini cha yai na kiini cha seli ni neno lilelile, nikamuelewa palepale. Akachora yai la pili, weupe uleule, kiini kikubwa zaidi, akasema msomaji wa darubini anapima kwa macho, kiini kikiwa na eneo kama mara 2.5 hadi 3 ya kiini cha seli ya kawaida, na rangi yake imekolea kidogo au ukingo umepinda kidogo, anaanza kupata wasiwasi. Yai la tatu kiini kimezidi mara 3, pembeni ya kiini kuna uwazi mweupe kama mwezi ulivyozungukwa na mwanga, akasema hii sasa msomaji hana shaka, hii anaiita mabadiliko ya daraja la chini, mara nyingi ni alama ya kirusi cha HPV. Yai la nne akalichora dogo, kiini kimejaa karibu yai zima, weupe umebaki kama uzi tu pembeni, akasema hili ndo daraja la juu, hili hatuchezi nalo. Alafu akarudi kwenye yai la pili akalizungushia duara mara mbili. Wewe uko hapa, akasema. Sio la kwanza, lakini msomaji hakuona vya kutosha kukupeleka la tatu. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Jamani kama hilo ndo lingekuwa jambo pekee walilofanya ningewapa nyota zao zote. Dakika kumi na kalamu. Kumbe ASC-US tafsiri yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba seli bapa za juu zimeonekana haziko sawa ila maana yake haijajulikana. Maabara inasema kweli yake, kwamba kwa hiki nilichoona siwezi kusema ni nzuri na siwezi kusema ni mbaya. Sio ugonjwa, ni jibu linaloomba kipimo kingine. Na ndo jibu lisilo la kawaida linalotoka mara nyingi kuliko yote kwenye pap smia, yani ukilipata jua wako wanawake wengi sana wana karatasi kama yako.

Akanieleza na historia kidogo maana nilimuuliza haya majina yametoka wapi. Kipimo chenyewe kilianzia kwa daktari George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia Marekani, hiyo "pap" ni kipande cha jina lake. Zamani majibu yalitolewa kwa madaraja, la I hadi la V, na lile la II likawa ni kapu, kila kisichoeleweka kinatupwa humo na kila maabara ina maana yake. Mwaka 1988 wataalamu wakakutana Bethesda huko Marekani wakapanga lugha moja ya kuandikia majibu, ikarekebishwa tena 1991, 2001 na 2014, na humo ndo ASC-US ilipotokea. Uingereza wao wana jina lao, wanasema mabadiliko ya mpakani, na mimi naona hilo la mpakani linaeleweka haraka zaidi kwa mtu wa kawaida.

Sasa nini kinaweza kufanya kiini kivimbe hivyo bila saratani? Vitu vingi. Fangasi, trikomonasi (vijidudu vya zinaa), bakteria waliozidi, kitanzi kinachokwaruza kwa ndani, ukavu wa baada ya kukoma hedhi kwa sababu homoni zimeshuka, hata sampuli iliyopakwa kwenye kioo ikachelewa kutiwa dawa ikakauka kwa hewa inaweza kufanya viini vionekane vikubwa. Na kirusi cha HPV, kile kinachoambukizwa kwenye tendo na kinachohusika na saratani ya mlango wa kizazi. Ndo maana aliniuliza yale maswali yote kabla ya kusoma, mwanamke wa miaka 58 mwenye ukavu na mwanamke wa miaka 36 kama mimi tunaweza kuwa na herufi zilezile kwenye karatasi na sababu zisifanane hata kidogo.

Lingine alilonifungua macho, wasomaji wenyewe hawakubaliani. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani kuhusu hizi hizi ASC-US, unaitwa ALTS, sampuli zilizopewa jina hilo ziliporudiwa kusomwa na wataalamu wengine walikubaliana na jina hilo chini ya nusu ya mara zote, na nyingi ya zilizobaki wakazishusha, wakasema ni afadhali kuliko ilivyoandikwa mwanzo. Mimi niliposikia hivyo nilipata ahueni na hasira kwa pamoja. Ahueni maana inawezekana yangu ni yai la kwanza tu limeonekana vibaya. Hasira maana kama ni hivyo, kwa nini niliandikiwa usiku kama vile hukumu imeshatoka?

Ila hapo ndo unatakiwa kuwa makini, maana sentensi ya "sio kitu kikubwa" nayo haitoshi. Wengi hawana kitu, ila wachache kati yao nyuma ya hilo yai la pili wana la nne limejificha, brashi haikulifikia vizuri au zimetoka seli chache. Huwezi kujua uko kundi gani kwa kukodolea macho ileile karatasi. Kinachotenganisha ni kipimo cha HPV.

Na hapa ndo kliniki ya pili ilinishika moyo. Aliuliza sampuli yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kioo au kwenye kichupa cha maji, nikasema kichupa, akainua simu palepale akaongea na ile maabara, kumbe maji yaliyobaki kwenye kichupa yanaweza kupimwa HPV bila mimi kulala tena kitandani wala kupanuliwa. Maabara ikasema bado ipo na muda wake haujapita. Yani hicho kitu kliniki ya kwanza ingeweza kukiagiza siku ileile majibu yalipotoka, isingebidi niambiwe chochote usiku, ningeitwa mara moja na majibu mawili kamili. Sehemu nyingi wanafanya hivyo moja kwa moja, ASC-US ikitoka tu kichupa kinaenda HPV. Ukienda kupima uliza kabla: jibu likiwa la mpakani, mnapima HPV kwenye sampuli hiyohiyo au mpaka nirudi? Wakikujibu bila kusitasita umefika pazuri.

Maana yake iko hivi. HPV ina aina nyingi, zile za hatari kwa mlango wa kizazi ni dazeni moja hivi, na mbili tu, 16 na 18, ndo zinahusika na takribani asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Hii habari ya kirusi aliifuatilia mtafiti Mjerumani Harald zur Hausen miaka ya 1980, wengi hawakumuamini mwanzoni, 2008 akapewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo ukiwa na ASC-US na HPV ya hatari haipo, ile shaka inapungua sana, kwa mwongozo wa Marekani unaambiwa rudi baada ya miaka 3 basi. Ukiwa na ASC-US na HPV ipo, unaenda kolposkopi, kuangaliwa kwa darubini kwa nje. Kwenye ule utafiti wa ALTS karibu nusu ya wenye ASC-US walikutwa na HPV, kwa hiyo ni kama kurusha sarafu, na aliniambia hivyo kabla, nikajiandaa. Kama mahali ulipo hakuna kipimo cha HPV kabisa, hapo ndo unarudia pap smia baada ya mwaka. Kwa hiyo yule wa kwanza aliyeniambia rudi mwaka hakusema uongo, ila alinipa njia ya mwisho wakati ya kwanza ilikuwepo kwenye friji ya maabara.

Majibu ya HPV yalichukua siku nane. Ipo. Sio 16 wala 18, ni moja ya zile nyingine za hatari.

Nataka nikae hapa kidogo maana hapa ndo wengi tunavunjika. Swali la kwanza lililonitoka halikuwa la afya, nilimuuliza nesi, dada, hii nimeitoa wapi? Na alijua ninachouliza. Akafunga mlango, akavuta kiti akakaa usawa wangu, akasema dada yangu nisikilize, hiki kirusi kinapita kwa ngozi kukutana na ngozi kwenye tendo, karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili atakipata wakati fulani, kinaweza kukaa kimya miaka kinga imekilaza alafu kikaonekana kwenye kipimo leo, hakuna daktari duniani anayeweza kukwambia umekipata mwaka gani wala kwa nani, kwa hiyo usirudi nyumbani na karatasi hii kama ushahidi, sio ushahidi. Akaniuliza unataka mumeo aje tumueleze pamoja? Nikasema ndio. Alikuja wiki ile, akakaa akasikia maneno yaleyale kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe na sio kutoka kwangu ninayelia. Nimeona ndoa za watu zimetikisika kwa karatasi ya maabara iliyosomwa na watu wawili usiku bila mtu wa kuwaeleza. Hiyo nusu saa ya nesi haimo kwenye orodha ya huduma iliyobandikwa ukutani, ila kwangu ndo ilikuwa huduma yenyewe.

Akaongeza kwamba maambukizi mengi ya HPV, takribani 9 kati ya 10, mwili wenyewe unayaondoa ndani ya miaka 2 hivi. Hakuna dawa ya kumeza ya kuua kirusi, usidanganywe na wauza vidonge na majimaji ya kusafisha kizazi. Tatizo ni kile kinachong'ang'ania. Na hata hicho hakikimbii, kwa mwenye kinga nzuri Shirika la Afya Duniani linasema inachukua miaka 15 hadi 20 mpaka saratani itokee, ila kwa mwenye kinga dhaifu, mfano anayeishi na VVU bila matibabu, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Ndo maana swali la VVU sio la kukudhalilisha, ni la kujua saa yako inakimbia kasi gani.

Kolposkopi yenyewe nitaieleza maana niliiogopa kuliko kujifungua. Unalala kama siku ya pap smia, mdomo wa bata uleule, tofauti ni kwamba kuna mashine yenye lenzi na taa imesimama mbele ya miguu, haikuingii, inaangalia kwa mbali. Wanapaka asidi ya siki iliyozimuliwa, inachonyota kidogo, wanasubiri dakika moja hivi. Waliniuliza nataka kuona, nikasema ndio, wakageuza skrini. Mlango wa kizazi ni wa pinki, mviringo, unang'aa kama ndani ya shavu, una tundu dogo katikati. Alafu polepole nikaona upande wa juu, kama saa moja kwenye uso wa saa, panafifia panakuwa peupe, kipande kidogo kama ukucha wa kidole kidogo cha mtoto. Daktari akasema umeona? Hapo. Akanieleza kwamba seli zenye viini vikubwa zinageuka nyeupe zikiguswa na siki, na jinsi weupe ulivyo mzito na mipaka yake ilivyochongoka ndo anapima ukali, wa kwangu ulikuwa mwembamba. Kisha wakapaka iodini, sehemu nzima ikawa kahawia, pale pakabaki njano njano. Akachukua kinyama cha kupeleka maabara, vipande viwili vidogo kama punje, nilikohoa akabana, kama tumbo la hedhi limenikaza sekunde tatu, sio zaidi. Nesi alikuwa ameshika mkono wangu na sikumuomba. Wakapaka dawa ya kuzuia damu, nikaambiwa nivae pedi, nitaona uchafu wa rangi ya udongo siku chache, nisikutane na mume mpaka ukauke. Ilikuwa hivyohivyo, siku ya nne kwisha.

Majibu ya kinyama: CIN 1. Niliitwa mchana, nikiwa nimekaa, na kabla hajaniambia herufi alianza na "sio saratani na hatukutibu leo". Huo mpangilio wa maneno, jamani! Alafu ndo akaeleza, CIN ni mabadiliko ya seli yanayokuja kabla ya saratani, zina namba 1 hadi 3, ya kwanza nyingi zinarudi zenyewe na ni kama picha ya kirusi kikiwa kazini, ya tatu, na mara nyingi ya pili pia, ndo inayotibiwa kwa kukatwa au kuunguzwa. Nikamwambia mbona msikate tu niwe na amani, akasema hapana, ukataji kwa waya wa umeme unaweza kuongeza hatari ya kujifungua kabla ya muda kwa atakayebeba mimba baadae, na wewe umeniambia bado unataka mtoto, sikukati kwa kitu ambacho mwili wako utakiondoa. Kliniki nyingine ingenikata ikanilipisha. Tumekubaliana baada ya mwaka mmoja narudia kipimo cha HPV.

Nikumbushe kitu kimoja kabla sijasahau maana kuna dada kazini alisoma karatasi yake akaniambia "hata mimi nina hiyo yako", nikaiangalia, yake imeandikwa ASC-H. Jamani hizi sio moja! Ile H inamaanisha msomaji ameshindwa kuondoa uwezekano wa daraja la juu, yani ameona yai linaloelekea la nne, huyo hasubiri mwaka, anaenda kolposkopi moja kwa moja hata HPV ikisemaje. Tena kuna AGC, hizo ni seli za tezi za ndani, nayo ni njia nyingine kabisa. Herufi moja inabadilisha kila kitu, soma karatasi yako mpaka mwisho na umuulize daktari herufi kwa herufi. Kwa wasichana wa chini ya miaka 25 nao mambo ni tofauti, kwao kirusi kinakuja na kuondoka sana kwa hiyo mara nyingi ASC-US inarudiwa baada ya mwaka tu bila kukimbilia kolposkopi. Na kuna sehemu siku hizi, kama Uingereza, wanaanza na HPV kwanza, wakikosa kirusi hata seli hawasomi, wakikikuta ndo wanasoma seli, na huko ukiwa na kirusi na seli za mpakani unatumwa kolposkopi. Shirika la Afya Duniani nalo tangu 2021 linapendekeza kuanza na HPV kuanzia miaka 30, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia 25. Kwa hiyo ukisikia mwenzio kaambiwa tofauti na wewe usidhani mmoja kadanganywa, uliza kliniki yako inafuata mwongozo upi.

Sasa ile nyota niliyowanyima kliniki ya pili. Mapokezi wanaita kwa sauti, "wa kolposkopi wasimame", ukumbi mzima unageuka kukuangalia, mama mmoja mtu mzima aliinama akavuta kanga usoni nikaumia sana kwa ajili yake. Namba ya foleni ingetosha. Pili, karatasi za majibu zote ni kiingereza, daktari anaeleza vizuri lakini ukifika nyumbani ukataka kumuonyesha mama yako umebaki na herufi tena, ile michoro ya mayai ingechapwa na maelezo ya kiswahili pembeni kila mtu akapewa. Nimeiandika kwenye kitabu chao cha maoni na jina langu. Tatu, miadi ya kolposkopi nilisubiri wiki sita, najua kwa ASC-US wiki sita haziui mtu na daktari alinihakikishia hivyo, ila hakuna aliyenipigia katikati hata kuniambia bado nipo kwenye orodha, mpaka nilipoenda mwenyewe.

Kliniki ya kwanza niliwarudia pia, sikwenda kugombana. Nilimwona msimamizi nikamuonyesha ile meseji kwenye simu yangu na saa iliyoingia. Aliisoma kimya, akaniuliza ulikuwa na mtu nyumbani usiku ule? Nikasema nilikuwa na watoto wamelala. Akasema watasimamisha kutuma majibu baada ya saa za kazi. Sijarudi kuangalia kama wamefanya, mwenye kupima pale siku za karibuni na akapata jibu lolote aniambie lilifika saa ngapi na lilikuja na maelezo au limekuja peke yake, nitabadilisha hiyo nyota moja.

Mimi tarehe yangu ya kurudia ni mwezi wa tatu mwakani, nitaongeza hapa kitakachotoka.